Mazoea madogo ya kila siku yanayookoa muda na kutuliza nyumba hapa Dar: tupeane maarifa

Kwa_Msuguri (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu kuna nyuzi nyingi za namna ya kutafuta pesa na chache mno za namna ya kuishi na muda. Naomba leo tuzungumze hili la pili, maana jiji letu linameza muda wa mtu. Anayelala Chanika, Bunju, Kibamba au Mbagala Kongowe na kazi yake iko Posta au Kariakoo, anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Saa zinazobaki kwa ajili ya watoto, mwenza na mwili wake ni chache, na inaniuma kuona hizo chache nazo zinaishia kwenye kutafuta soksi, chaja, ufunguo wa geti na kadi ya Mwendokasi.

Msimamo wangu ni mmoja na ninauamini: asubuhi isipewe kazi yoyote inayoweza kufanyika usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi ya Dar ina mambo mengi tusiyoyatawala. Umeme unaweza kukatika pasi ikiwa mkononi. Maji yanaweza yasitoke. Mvua ikishuka saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Morogoro inasimama. Weka juu ya hayo shati lenye mikunjo na daftari la hesabu lisilojulikana liko wapi. Siku inaanza kwa kelele na watoto wanakwenda shule wamenuna.

Kwetu tuna nusu saa baada ya chakula cha usiku, kabla mtu hajarudi kwenye simu au televisheni. Nguo za kesho zinatolewa na kutundikwa. Mabegi ya shule yanafungwa na kuwekwa kwenye benchi la mlangoni, viatu chini yake. Vyombo vinaoshwa vyote, ndoo za kuogea zinajazwa, simu zote zinachajiwa kwenye meza moja ya sebuleni. Pasi tunapiga za wiki nzima Jumapili alasiri. Pasi inakula umeme mwingi inapopata moto, hivyo kuiwasha kila siku kwa ajili ya shati moja ni kuipasha upya kila siku bila sababu.

Ufunguo una msumari wake nyuma ya mlango. Pochi, kitambulisho cha kazi, kadi na chenji vinaingia kwenye kikapu kidogo juu ya kabati la viatu mtu anapoingia tu, kabla hajakaa. Chenji naitenga makusudi. Asubuhi ukimpa konda noti ya elfu kumi unajitafutia mazungumzo marefu usiyo na muda nayo.

Na lipo daftari linaloning'inia jikoni kwa kamba, na kalamu yake. Chumvi ikikaribia kuisha, anayeiona ndiye anayeandika. Kikao cha wazazi, siku ya kliniki, mchango wa msiba wa jirani, vyote humo. Anayepita sokoni anapiga picha ukurasa na kwenda zake.

Karibuni mchangie. Ningependa kusikia hasa watu wa zamu, wenye watoto wadogo, na wanaoishi chumba kimoja.

---

Mama_wa_Tegeta

Asante baba kwa uzi huu. Mimi nachangia upande wa jikoni, maana huko ndiko jioni nyingi zinakopotelea.

Maharage ndiyo yaliyonifungua macho. Ukirudi saa moja usiku ukaanza kuchemsha maharage makavu, mtakula saa tatu na nusu na watoto watakuwa wamelala. Sasa Jumamosi usiku naloweka kilo mbili, Jumapili asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya na kuchemsha yote kwa pamoja. Yakipoa nayagawa kwenye vikontena vya plastiki, kila kimoja mlo mmoja, na kuyagandisha. Siku ya kazi ni kuunga tu: kitunguu, nyanya, nazi, yameiva. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva upesi zaidi, na mtungi wa kilo 15 unakaa kwa muda unaoeleweka. Tahadhari moja kwa wanaopenda yale mekundu: lazima yachemke kwelikweli kwa dakika kumi au zaidi, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayochafua tumbo, na moto wa uvuguvugu hauiondoi.

Vitunguu swaumu na tangawizi nasaga pamoja na kugandisha kwenye vile vitrei vya barafu. Kipande kimoja, chungu kimoja. Nyanya nanunua sokoni Mabibo mara moja kwa wiki. Genge la mtaani nalipenda na yule mama ananifahamu, lakini kununua fungu kila siku kunakula pesa na kunakula ile robo saa ya kusimama.

Jambo jingine ni moto. Sufuria ikishachemka, punguza gesi na ufunike. Maji yanayochemka hapa pwani yapo kwenye nyuzi 100 hata ukiwasha moto wote. Hayapati joto zaidi, unachoma gesi ya bure.

Na wali, jamani. Wali uliobaki usilale mezani hadi asubuhi kwa joto letu hili. Kuna vimelea ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemsha, vinaamka wali ukipoa taratibu na kuacha sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Uingie kwenye friji mapema, ndani ya saa moja au mbili. Asiye na friji apike wa kutosha mlo huo tu. Kiporo cha wali kwa chai ni kitamu, nakubali, lakini kiwe kimelala kwenye baridi.

---

Mpangaji_Sinza

Mimi ni wa chumba kimoja, bila mke wala mtoto, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Kwangu kinachosaidia ni kuwa na vitu vichache. Sahani mbili, vikombe viwili, sufuria mbili. Huwezi kurundika vyombo usivyokuwa navyo. Kitu kipya kikiingia, cha zamani kinatoka, kinapewa mtu. Na kitanda kinatandikwa nikiinuka tu, kwa sababu kwenye chumba kimoja kitanda ndiyo sebule.

---

Nesi_wa_Zamu

Mleta uzi umeomba watu wa zamu, nimekuja.

Haya mnayoyaeleza sisi wa hospitali tumefundishwa kwa jina rasmi. Mfumo unaitwa 5S, umetoka kwenye viwanda vya Japani, na Wizara ya Afya yetu ikishirikiana na shirika la Kijapani la JICA iliuleta kwenye hospitali za Tanzania kuanzia mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikiwa miongoni mwa za kwanza. Ukiingia wodini leo ukakuta trei zimebandikwa majina, mafaili yamepangwa kwa rangi na sakafu ina mistari inayoonyesha kitoroli kinasimama wapi, ndiyo yenyewe. Tunazitamka hivi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Nizieleze kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu nimeona zinafanya kazi hata kwenye vyumba viwili vya kupanga.

Kusasambua ni kutenganisha unachokitumia na usichokitumia. Fungua droo moja tu, siyo nyumba nzima. Toa kila kitu. Chaja za simu zilizokufa, vifuniko visivyo na makopo, dawa zilizopita muda. Dawa zichukulie kwa uzito, nawaomba: angalia tarehe, na zilizopita muda waulizeni wafamasia namna ya kuzitupa, zisiachwe mahali mtoto anafika. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kidogo, wananunua makabati na vikapu vya kupangia kabla hawajapunguza. Unakuwa umenunua nyumba ya takataka.

Kuseti ni kukipa kila kilichobaki mahali pake, na mahali penyewe pawe karibu na kinapotumika. Mkasi wa jikoni ukae jikoni. Kinachotumika kila siku kikae kati ya kiuno na macho. Cha Krismasi na Idi kipande juu ya kabati. Wodini tunataka mtu mgeni kabisa aweze kukipata kifaa bila kuuliza. Nyumbani kipimo ni hicho hicho: je, shangazi akija kutoka Tanga ataona chumvi iko wapi bila kukuita bafuni?

Kusafisha mnajua wenyewe. Mimi huongeza kwamba ukisafisha unakagua. Ndiyo wakati wa kuona mpira wa gesi umechanika au waya wa jagi la umeme umeungua.

Kusanifisha ni kuhakikisha watu wote wa nyumba wanafanya namna moja. Na Kushikilia, ambako ndiko kugumu kuliko kote, ni kuendelea wakati hakuna anayekuangalia. Hospitali zina timu za kukagua. Nyumbani hakuna, kwa hiyo mazoea lazima yawe madogo kiasi kwamba hata mtu aliyetoka zamu ya usiku, macho mekundu, anaweza kuyafanya.

Kwa watu wa zamu: niliacha kupanga ratiba kwa saa, nikapanga kwa matukio. Nikivua sare, inaingia kwenye ndoo yake peke yake, haichanganyiki na nguo za nyumbani. Nikishaoga, naandaa begi la zamu inayofuata kabla sijalala. Iwe asubuhi au usiku, mfuatano ni ule ule.

---

Temeke_Mwisho

Nimesoma mpaka hapa na nina swali kwa mleta uzi, naliuliza kwa heshima lakini naliuliza hadharani. Umetaja kazi zote za ile nusu saa. Hukutaja mikono inayozifanya.

Kwa nyumba nyingi ninazozijua, mikono hiyo ni ya mama peke yake, au ya dada wa kazi ambaye ameamka saa kumi alfajiri na bado yuko kwa miguu saa nne usiku. Baba na watoto wa kiume wako sebuleni. Hapo nyumba inaonekana imepangika kumbe kuna mtu mmoja aliyechoka kwa niaba ya wote. Mimi siwezi kuuita huo utaratibu mzuri hata kama soksi zinapatikana.

---

Kwa_Msuguri (mleta uzi)

Temeke_Mwisho, swali lako ni la haki na lilihitaji kuulizwa.

Kwetu hakuna dada wa kazi. Mimi ndiye ninayepiga pasi Jumapili na kujaza ndoo kila usiku. Mke wangu anapika siku tatu, mimi siku mbili, wikendi tunapika pamoja. Kijana wetu wa darasa la sita anaosha vyombo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Dada yake wa darasa la nne siku zinazobaki. Mdogo wa chekechea kazi yake ni kupanga viatu, na anaitekeleza kwa bidii kuliko sisi wote. Ratiba imebandikwa kwenye mlango wa friji ili mtu asilazimike kukumbushwa na mama yake, kwa sababu kazi ya kukumbusha watu nayo ni kazi, inachosha kuliko vyombo.

Tena naamini ndivyo mazoea yanavyodumu. Yakibebwa na mtu mmoja, siku akiugua au akisafiri kwenda msibani nyumba nzima inaanguka.

---

Temeke_Mwisho

Nimekusoma, baba, asante. Basi wenye wasaidizi wa kazi nao waandike ratiba yao, na saa ya kumaliza kazi iwemo kwenye ratiba hiyo. Msichana aliyelala vizuri anamwangalia mtoto vizuri.

---

Fundi_Bomba_Tabata

Nachangia upande wa maji, ndiyo kazi yangu.

Hapa mjini maji ya bomba mengi yanatoka mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukishuka, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2022, tunaingia kwenye mgao. Kwa hiyo zoea la kwanza: maji yakitoka, jaza, hata kama pipa lina nusu. Usisubiri liishe. Pili, tenganisha vyombo. Chombo cha kunywa na kupikia kiwe na mfuniko na koki au kata yenye mpini mrefu, mikono isiingie. Pipa la kufulia na chooni liwe jingine.

Lakini ukishahifadhi maji una jukumu jipya, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeingia kwenye nyumba nyingi nikakuta viluwiluwi vinacheza. Mbu wa homa ya dengue, Aedes, anazaliana kwenye maji safi yaliyotulia: mapipa, makopo, matairi, visahani vya vyungu vya maua. Anauma mchana, chandarua cha usiku hakikuokoi naye. Dar tulipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi hivi. Ndiyo maana wiki moja ni kipimo kizuri: ukimwaga na kusugua pipa kila Jumamosi, unamkatiza kabla hajaruka.

Nimesema kusugua. Kumwaga tu hakutoshi. Mayai yake yanang'ang'ania kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri ujaze tena. Brashi na sabuni, zungusha ndani kote. Simtanki kubwa usiloweza kulimwaga kila wiki, hakikisha mfuniko umekaza na lile bomba la kupumulia lina wavu.

---

Mbagala_Rangi3

Fundi, asante kwa hilo la mayai. Nilikuwa nasuuza tu. Pipa letu leo limekula brashi.

---

Duka_la_Kona

Mimi ni mfanyabiashara mdogo, nachangia upande wa pesa, na kwangu ndilo eneo ambalo mazoea madogo yana nguvu kuliko yote.

Kwanza kodi ya nyumba. Wote tunajua ilivyo hapa mjini: mwenye nyumba anataka ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Mshahara unakuja kwa mwezi, kibarua kinalipa kwa siku, kodi inadaiwa kwa rundo. Hapo ndipo watu wanapoingia kwenye mikopo ya haraka ya kwenye simu yenye riba ya kutisha. Dawa yake ni kuigawa mapema. Kama chumba na sebule ni Sh 150,000 kwa mwezi, miezi sita ni 900,000. Kwa siku ni Sh 5,000. Iondoe hiyo elfu tano kila jioni kabla hujafanya jambo lolote na pesa ya siku, iingie kwenye akaunti au kibubu ambacho huwezi kukifungua kwa urahisi. Anayepokea mshahara aiondoe siku ile ile mshahara unapoingia. Ukisubiri ibaki, haibaki.

Pili, umeme. Andika namba ya mita yako ukutani jikoni na kwenye simu za wote wazima. Nunua LUKU ukiwa bado na uniti kumi, usingoje giza la saa nne usiku mtandao nao ukiwa umegoma. Kumbuka manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo, Sh 1,500 kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo usishtuke uniti zikija pungufu. Walio kwenye kundi la matumizi madogo, angalieni mita kila Jumapili na kuandika. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni Sh 100 kila moja kabla ya kodi na tozo nyingine. Ukivuka hapo bei inaruka zaidi ya mara tatu. Ukijua tarehe 20 kwamba umebakiza uniti tano, unaahirisha pasi na jagi. Usipojua, unalipa.

Tatu, wenye maduka na magenge. Funga hesabu kila jioni kabla ya kushusha shata: kilichouzwa, kilichotoka, nani amekopa. Mistari mitatu. Mimi niliona watu wengi wakisema biashara haina faida, kumbe faida ilikuwa inaliwa kidogo kidogo: soda ya mchana, nauli, vocha, na hakuna mstari uliosema hivyo. Pesa ya duka na pesa ya nyumbani zikae mifuko tofauti. Jilipe posho yako, hata iwe ndogo, ukaitumie kwa amani.

---

Mkwajuni_kwa_Zamani

Naongeza nyaraka. Sisi tuliokulia karibu na bonde la Msimbazi tunajua maji yanavyoingia usiku. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoka na vyeti vya watu wengi, na kuvitafuta upya kuliwachukua muda mrefu.

Faili moja la plastiki lenye zipu, lining'inie juu, mahali kila mtu mzima wa nyumba anapajua. Ndani yake: vyeti vya kuzaliwa vya RITA, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto, kadi za bima, mkataba wa kupanga, hati ya kiwanja kama unayo, risiti za vitu vyenye dhamana. Karatasi moja iandikwe namba za NIDA za watu wote wa nyumba. Namba ina tarakimu 20, hakuna anayeikumbuka akiwa dirishani. Piga picha kila karatasi na uhifadhi mahali pengine mbali na simu hiyo hiyo, kwa sababu simu nayo inaibwa. Masika ikianza Machi, faili linakaguliwa. Vuli ikianza Oktoba, linakaguliwa tena.

---

Kijana_wa_Goba

Wakuu, nauliza. Haya yote mazuri, lakini mtu akianza wiki mbili anachoka anarudi alikotoka. Mazoea yanachukua muda gani hadi yaingie damuni? Nimewahi kusikia siku 21.

---

Mwalimu_Ubungo

Kijana, ile hesabu ya siku 21 imeenea sana, lakini waliopima walikuta vingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea moja dogo kila mmoja: kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa, kula tunda mchana, kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku kama 66 hadi jambo lijifanye lenyewe bila kulazimishwa. Lakini tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Mambo mepesi kama glasi ya maji yaliingia upesi, mazoezi yalichelewa.

Kuna mawili ya kukutia moyo humo. La kwanza, kuruka siku moja hakukuharibu. Kwa hiyo ukishindwa Alhamisi, Ijumaa endelea, usiseme imeshaharibika. La pili, wote walifungamanisha zoea jipya na tukio ambalo tayari lipo kila siku. Hili la pili nalitumia darasani. Sisemi "fanyeni marudio mkipata nafasi", nafasi haipatikani. Nasema "ukivua sare tu, fungua daftari la hesabu, fanya maswali mawili." Kuvua sare kuko kila siku.

Kwako wewe, tafuta matukio ya Goba yasiyokosekana. Kengele ya alfajiri au adhana. Kushuka kwenye daladala. Kufunga geti usiku. Bandika zoea moja hapo, moja tu, na uliache lizoeleke kabla ya kuongeza jingine.

---

Kijana_wa_Goba

Asante mwalimu. Hapo kwenye kufunga geti nimepaelewa. Nikishafunga, ufunguo kwenye msumari, simu kwenye chaji mbali na kitanda. Naanza na hilo.

---

Mama_Mapacha_Kigamboni

Jamani mimi nimechelewa, nilikuwa kwenye foleni ya pantoni na nimesoma uzi wote nikiwa nasubiri kuvuka. Nina mapacha wa miaka mitatu, baba yao anafanya kazi mikoani, na mimi naingia kazini Posta saa mbili. Nikisema nifanye yote haya nitazimia. Mngeniambia moja au mawili tu ningeshukuru.

---

Nesi_wa_Zamu

Dada, pole na hongera, mapacha si mchezo. Kwako ningechagua begi la watoto na nguo zako. Begi moja la mlangoni ambalo halifunguliwi kwa matumizi ya ndani: nguo za kubadili za kila mtoto kwenye mfuko wake, chupa za maji, kadi zao za kliniki. Ukirudi jioni, unachotoa kichafu unakirudishia kisafi saa hiyo hiyo, kabla hujavua viatu. Na usiku ukishawalaza, toa nguo zako za kesho hadi hereni. Basi. Vyombo vikilala siku nyingine, vilale, mradi maji ya moto na mabaki ya chakula yamefunikwa na hakuna kinachovuta mende.

---

Mama_wa_Tegeta

Nami namwongezea mama mapacha: siku unayopika maharage au mchuzi, pika mara mbili ya mnachokula, nusu gandisha. Hufanyi kazi mpya, sufuria ni ile ile. Baada ya wiki chache utakuwa na jioni mbili au tatu ambazo hupiki kabisa, unapasha tu. Na vitoto vya miaka mitatu vinaweza kubeba vijiko mezani na kutupia nguo chafu kwenye kikapu chao. Vipe kazi hiyo sasa hivi wakati wanaiona ni mchezo.

---

Mama_Mapacha_Kigamboni

Begi na chakula cha kugandisha. Hayo mawili nayaweza. Begi naliandaa usiku huu huu. Fundi bomba, kama bado uko humu: tanki letu la kupanga tunachangia nyumba nne na halina mfuniko, mwenye nyumba yuko mbali. Tufanye nini wakati tunamsubiri?

---

Fundi_Bomba_Tabata

Mama, funikeni leo kwa neti ya chandarua kilichochakaa, iwe mara mbili, na muifunge kwa mpira wa tairi la ndani uliokatwa, ukazwe kuzunguka mdomo wa tanki. Mvua itapita, mbu hatapita. Hakikisheni neti haigusi maji. Halafu nyumba zote nne mpeane zamu ya kuikagua kila Jumamosi, na mfuniko mkiununua kwa kuchangiana chukueni risiti, mkubaliane na mwenye nyumba aikate kwenye kodi. Nitumie kipenyo cha mdomo wa tanki humu humu, nitakwambia saizi ya kuulizia dukani.